Timu Zetu Hufia Mezani

Kuna hukumu inayotolewa kila jioni kwenye maskani za ng'ambo tatu za Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, na sijamsikia mtu akiikatia rufaa. Kijana anayeketi mbele ya laptopu akiongoza timu ya daraja la sita la Uingereza kwenye Football Manager ni mvivu, anaota mchana kweupe, na kama kweli anaupenda mpira basi uwanja upo, atoke akacheze. Wazee wa mpira husema hivyo. Makocha wa mitaani husema hivyo. Akina mama husema zaidi, na wao wana haki yao, maana tokeni za stima wananunua wao. Hata vijana wenziwe wa pleisteshen, wanaolipia mechi moja moja wapige mabao na Mbappé, humcheka: mwenzetu unacheza mpira gani huo wa kutazama majedwali?

Mimi nakata rufaa. Tena naikata mbele ya wazee wa mpira hasa, kwa kuwa wao ndio wenye timu, na timu zao zinakufa mbele ya macho yao kwa ugonjwa ambao yule mvivu anaujua kuliko wao.

Kwanza tuelewane huu mchezo ni upi, kwa sababu wengi wanaouhukumu hawajawahi kuuona. Uliundwa na ndugu wawili wa Shropshire, Paul na Oliver Collyer, ukatoka mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Jina la Football Manager lilianza mwaka 2004. Humo hupigi pasi wala chenga. Hukabidhiwi miguu ya mtu, unakabidhiwa ofisi: mishahara, mikataba, ratiba ya mazoezi, wasaka vipaji, bodi inayotaka maelezo, na wachezaji wenye vinyongo. Ukipenda unaanza na Arsenal au Real Madrid. Ukipenda shida unashuka hadi National League North au South, daraja la sita, la mwisho analopewa mchezaji kwa ligi za Uingereza bila kuongeza kitu. Huko ndiko aliko kijana wetu.

Namjua mmoja wa Mishomoroni, bodaboda mchana, meneja usiku. Nilimkuta siku moja kakunja uso kwa ajili ya kipa. Alikuwa na makipa wawili. Yule hodari hakuwa na mkataba wa kumfunga, kwa hiyo klabu yoyote ingeweza kuja kumchukua asubuhi. Kumpa mkataba kungevunja bajeti ya mishahara. Kulikuwa na winga wa miaka 33, mkongwe, kipenzi cha chumba cha kubadilishia nguo, anayelipwa pauni mia tatu kwa wiki na mbio zimemwisha. Amwache winga apate pesa za kipa? Wenzake watanuna. Ahamishe pesa za usajili ziende kwenye mishahara? Basi hatanunua mtu hadi msimu uishe, na timu ni ya muda, inafanya mazoezi jioni mbili tu kwa wiki, wachezaji wana kazi zao. Bodi imemwambia neno moja: tusishuke. Akamwacha winga. Mechi ya pili baada ya hapo, kijana aliyechukua nafasi ya winga akaumia msuli wa paja, na chumba kizima kikamgeukia meneja.

Mpira ukoje kama huo si mpira? Na ni wapi kwingine, kuanzia daraja la zamani la Nyali hadi Mtwapa, kijana wa miaka 22 atakalishwa na uamuzi wa aina hiyo, aubebe, na aone matokeo yake? Katika timu ya mtaani kwake hajawahi kuona daftari la hesabu. Hata nahodha hajaliona. Mheshimiwa fulani alitoa kiasi fulani, mwenyekiti alipokea, jezi zilikuja, na hapo ndipo hesabu inapoishia.

Sasa nije kwenye hoja yao kubwa: uwanja upo, aende uwanjani.

Uwanjani hatujapungukiwa watu. Pita Shika Adabu saa kumi na moja jioni, pita Magongo, pita Mtopanga; popote palipobaki mchanga wa mita sitini pana watoto wanaopiga mpira peku na pana mtu mzima mwenye filimbi. Wachezaji tunao na makocha wa kujitolea tunao, Mungu awalipe. Kama vipaji vingetosha, kombe la ligi lingekuwa limerudi Mombasa zamani. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Miaka sitini imepita na hakuna klabu nyingine ya mji huu iliyoufikia. Iliyokaribia ni Bandari, ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2019, yenye ngao mbili kabatini, ya 2015 na ya 2019. Bandari ina nini ambacho timu za ng'ambo hizi hazina? Si watoto watamu zaidi, kwa kuwa watoto wake wengi wanatoka mitaa hii hii. Ina Mamlaka ya Bandari nyuma yake: mshahara unaingia, basi linawekwa mafuta, kuna ofisi yenye faili na mtu anayelipwa kuzitunza. Tofauti iko mezani.

Kwa anayebisha, aende Bomu pale Changamwe siku ya mechi za madaraja ya chini, asitazame mpira. Asimame kando refa anapokagua kadi kabla ya kuanza. Timu imekuja na vijana kumi na sita waliovaa vizuri, wamenyoosha misuli, wamesoma dua. Kadi ziko kumi. Zilizobaki anazo katibu, katibu yuko Kaloleni matangani, simu yake haiingii. Straika aliyefunga mabao yote ya mwezi huo anakaa nje na suruali yake akitafuna kijiti, na nafasi yake anaingia mtoto aliyekuja kubeba maji. Wanafungwa tatu. Kwenye baraza jioni utasikia refa alinunuliwa. Huenda refa ana makosa yake, lakini kadi sita hazikuchukuliwa na refa.

Huyo bodaboda wa Mishomoroni asingesahau kadi. Hawezi. Mchezo wenyewe humkataza kupanga mchezaji asiyesajiliwa, humkumbusha tarehe ya dirisha kufungwa, humwonyesha nani amebakiza kadi moja ya njano afungiwe. Baada ya misimu kadhaa mambo hayo yanakuwa tabia. Sisi tabia hiyo hatunayo, na bei tunayolipa ni kubwa kuliko kufungwa tatu Bomu.

Nitaipiga hesabu, kwa sababu wenye timu hawaipigi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine huku mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea, kuanzia msimu wa umri wa miaka 12 hadi wa 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu. Chukua mtoto wa Likoni aliyecheza timu ya mtaa tangu miaka 12 mpaka akamaliza msimu wa 17. Miaka mingi baadaye klabu ya Ubelgiji inamuuza Ujerumani kwa dola milioni moja, bei ya kawaida tu huko. Misimu minne ya mwanzo inaizalia timu ya Likoni dola 10,000; miwili ya mwisho, dola 10,000 nyingine. Jumla 20,000, zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu za Kenya. Akiuzwa tena Uhispania, inakatwa tena. Hakuna aliyeomba mchango, hakuna mheshimiwa aliyeshukuriwa.

Pesa hizo zinapitia wapi? Tangu Novemba 2022 FIFA ina nyumba maalumu ya malipo jijini Paris. Mchezaji akihama, mfumo unakusanya historia yake ya usajili kutoka vyama vya nchi alizochezea na kuijua kila klabu iliyomsajili na kwa miezi mingapi. Soma hapo tena: iliyomsajili. Timu iliyomfundisha, ikamvisha, ikamnunulia maandazi ya jioni lakini haikumwandikisha katika chama, kwenye karatasi hizo haipo. Hakuna atakayepiga simu Timbwani kuuliza. Ndivyo tunavyolea watoto wa wenzetu bure, halafu tunajisifu barazani kwamba yule unayemuona kwenye televisheni alipita mikononi mwangu.

Meneja wa daraja la chini kwenye laptopu anaijua lugha hii. Kitu cha kwanza anachojifunza akiuza chipukizi kwa klabu kubwa ni kudai asilimia ya mauzo ya baadaye, kwa sababu pesa ya leo italipa mishahara ya miezi miwili tu, na ile asilimia ndiyo itakayojenga uwanja. Amejifunza kwa kuumia: aliuza mtoto kwa pauni elfu kumi bila sharti, mtoto akauzwa tena kwa milioni tatu, yeye akabaki anatazama. Niletee mwenyekiti mmoja wa timu ya mtaa aliyewahi kuandika sharti hilo katika barua ya kumruhusu mchezaji aende Nairobi. Mara nyingi barua yenyewe haipo. Kuna nauli ya treni, kuna kukumbatiana pale stesheni ya Miritini, basi.

Wanaosema mpira uko uwanjani tu wamesahau pia ya juzi. Novemba 2021 serikali iliuvunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikatolewa katika mchujo wa Afcon ya 2023 bila kugusa mpira. Tulifunguliwa Novemba mwaka huo, michuano imeshatupita. Hakuna beki aliyeteleza, hakuna straika aliyekosa penalti. Nchi nzima ilitolewa na makaratasi.

Najua watakaponikamata. Watasema: huo mchezo wako haujui Likoni. Ni kweli, haujui. Ligi ya Kenya haimo miongoni mwa zile unazochagua. Kwa miaka mingi Afrika nzima iliwakilishwa humo na Afrika Kusini peke yake, na anayetaka ya kwetu inabidi aiunde mwenyewe kwa kifaa cha kuhariri. Mchezo haujui feri iliyokwama mkondoni na nusu ya kikosi ndani. Haujui pesa za refa zinazochangwa pembeni ya uwanja kipindi cha kwanza kikiendelea. Haujui mwenyekiti aliyeianzisha timu kwa sababu ya kura za 2027, atakayebadilisha namba ya simu mara tu matokeo yakitangazwa. Haujui uwanja unaoamkia siku moja ukiwa umepigwa uzio wa mabati na mtu mwenye hati ambayo haijulikani aliipata wapi.

Lakini tazameni hayo mambo moja moja. Pesa za refa ni bajeti. Mwenyekiti wa kura ni katiba ya klabu na uchaguzi wa viongozi. Uwanja wa mabati ni faili la ardhi, barua, kumbukumbu za kikao, mtu aliyehifadhi ramani ya zamani. Hata feri ni ratiba: anayejua kwamba mechi ni ya saa nane Kisauni huwavusha watu wake saa tano. Wanaonitajia matatizo haya kunipinga wananitajia kazi za mezani, na hakuna hata moja inayotatuliwa kwa kumwambia kijana atoke akapige mpira.

Nisieleweke vibaya upande wa pili, maana huko nako kuna wendawazimu wao. Wapo vijana wanaodhani kwamba kwa kuwa wameitoa timu daraja la sita ikafika Ligi Kuu ya Uingereza, basi wakipewa Harambee Stars kesho wataipeleka fainali. Hawa humtaja sana Will Still. Oktoba 2022 klabu ya Reims ya Ufaransa ilimkabidhi timu akiwa na takriban miaka 30, hana leseni ya juu ya ukocha, klabu ikawa inalipa faini ya euro 25,000 kila mechi, na akaenda mechi 17 za ligi bila kupoteza. Magazeti yakaandika kwamba Football Manager ndiyo iliyomzaa. Wanaoisimulia habari hiyo kwenye maskani huruka katikati yake: Still aliucheza huo mchezo tangu utotoni, naam, lakini alisomea ukocha kule Preston, akaanza kazi kwa kukata na kuchambua video za mechi katika klabu ya Sint-Truiden ya Ubelgiji, na akasota kwa miaka kama msaidizi. Aliingilia mlango wa nyuma, wa kompyuta, kisha akafanya kazi.

Mlango huo ndio ninaoudai. Bromley, klabu ya kusini mwa London iliyokuwa daraja la tano, ilimchukua msimu wa 2023-24 shabiki mmoja wa mchezo huu kupitia shindano la Xbox, ikampa kazi ya kusaidia upande wa mbinu. Mei 2024 klabu ikapanda League Two kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sisemi ni yeye aliyeipandisha; waliopandisha ni wachezaji na kocha wao. Ninachosema ni kwamba klabu ndogo, yenye shida zake, haikuona aibu kumvutia kiti mtu wa namna hiyo. Na mwaka 2008 Everton, klabu kubwa kabisa, ilikubaliana na watengenezaji wa mchezo itumie hazina yao ya taarifa za wachezaji. Wenzetu hawa hawakusema ni mambo ya watoto.

Halafu hii habari ya kupoteza wakati. Nani anayeisema? Nimeangalia mikono ya wanaoisema, na mara nyingi kuna simu yenye mkeka wa mechi kumi na mbili, shilingi hamsini ikisubiri kuwa laki. Sitaki kuwahubiria watu. Lakini anayebeti humwomba Mungu ligi ya Norwe imletee bao la dakika ya tisini, na bao lisipokuja hana alichojifunza ila kutafuta hamsini nyingine. Kijana wa majedwali akifungwa hurudi kuuliza kwa nini: beki wa kushoto alipanda mno, kiungo alichoka, au yeye mwenyewe alikosea kupanga. Kati ya hao wawili, anayepotezewa wakati na mpira ni yupi? Tena huyu wa pili hagharimu sana. Laptopu kuukuu inatosha, na Septemba 2024 duka la Epic liliwahi kuutoa mchezo wa mwaka huo bure. Wengine wameupata kwa njia ambazo sitazitaja gazetini.

Nao wenziwe wa Mbappé niwaambie neno dogo. Kuanza na Manchester City ni raha, sikatai, lakini huko pesa inakuficha ujinga wako. Ukikosea kununua, unanunua mwingine. Timu ya daraja la sita haikufichi kitu, na ndiyo pekee kati ya zote humo inayofanana na timu ya Chaani: haina pesa, wachezaji wana kazi nyingine, na sare ugenini ni sherehe.

Basi, wenye timu wa ng'ambo zote tatu, ombi langu ni hili, na halihitaji mfadhili. Kabla dirisha la usajili halijafunguliwa tena, mtafuteni huyo mvivu wa mtaa wenu; kila mtaa anaye, mama yake atawaonyesha chumba. Mpeni daftari la wachezaji, tarehe za kuzaliwa na nakala za vyeti. Mpeni kadi zote azitunze yeye, katibu aende matangani kwa amani. Kila mtoto wa miaka 12 aandikwe katika chama, si kwenye kumbukumbu ya kocha. Mwacheni arekodi mechi kwa simu na kumweleza kocha alichokiona, kocha naye amsikilize hata kama hatakubali. Na mwisho wa mwezi aisome hesabu ya pesa mbele ya wachezaji, kwa sauti, mwenyekiti akiwa amekaa hapo hapo.

Akiharibu, mfukuzeni. Kwenye laptopu amefukuzwa mara nyingi, ameshazoea.